Kanda za Baden-Baden: Namna Redio Ilivyoitunza Jazi ya Ujerumani Baada ya Vita

Kanda ya redio ya Kijerumani ya miaka ya 1950 haina kuta. Ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma, urefu wake mita 1,000, umezungushwa kwenye kitovu kidogo cha chuma, basi. Hakuna sahani ya juu wala ya chini ya kuushikilia. Mwenye kuibeba huilaza bapa juu ya viganja viwili, kama abebavyo sinia lililojaa vikombe vya chai. Akiinamisha vibaya, katikati hushuka, mizunguko hufumuka, na muziki wote humwagika sakafuni kama uzi wa fundi cherehani. Kila kanda ya namna hii iliyotufikia salama imepita katika mikono mingi iliyojali.

Ndani ya kanda hizo imo jazi iliyopigwa Ujerumani katika miaka 10 au 15 ya kwanza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wapigaji walikuwa vijana waliojifunza muziki huo kwa kujificha, kisha wakaupiga hadharani katika miji iliyobomolewa. Kampuni za santuri ziliwarekodi kwa uchache, kwani soko lilitaka nyimbo za mapenzi na muziki wa kuchezea dansi. Redio ndiyo iliyowarekodi, ikaandika tarehe kwenye maboksi na kuyapanga rafuni. Bila uamuzi huo leo tungekuwa na majina ya wanamuziki na picha zao, lakini sauti zao zingekuwa chache mno.

1925–1945: Muziki uliokatazwa, mashine iliyozaliwa

Jazi iliingia Ujerumani mapema. Mwaka 1925 bendi ya Sam Wooding, mwanamuziki Mmarekani Mweusi, ilipiga Berlin na kurekodi santuri huko huko. Miongoni mwa waliokwenda kuisikiliza alikuwemo kijana wa Kiyahudi wa Berlin aitwaye Alfred Lion. Jina hilo tutakutana nalo tena mbele.

Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 waliuchukia muziki huu kwa sababu waliyoitamka wazi: uliumbwa na Wamarekani Weusi, na Wayahudi wengi walikuwa wakiupiga na kuuza santuri zake. Tarehe 12 Oktoba 1935 Eugen Hadamovsky, mkuu wa matangazo ya redio ya taifa, aliupiga marufuku hewani. Mwaka 1938 kule Düsseldorf yakafunguliwa maonyesho ya muziki ulioitwa uliooza, na bango lake lilikuwa picha ya kukebehi ya mpiga saksafoni Mweusi aliyebandikwa nyota ya Daudi kifuani.

Hata hivyo muziki haukufa. Serikali yenyewe iliunda bendi ya propaganda, Charlie and His Orchestra, iliyopiga nyimbo za swingi zenye maneno ya kuwadhihaki Waingereza na Wamarekani. Mpiga dramu wake, Fritz Brocksieper, baada ya vita alikuja kuwapigia askari wa Kimarekani muziki ule ule, maneno ya dhihaka yakiwa yameachwa nyuma. Lakini vijana walioupenda muziki huo bila kibali walionja adhabu. Mwaka 1942 Heinrich Himmler, mkuu wa polisi wa Wanazi, alitaka viongozi wa vijana wa swingi wa Hamburg wapelekwe kambi za mateso. Frankfurt nako kulikuwa na kikundi cha vijana waliokutana kusikiliza na kupiga, miongoni mwao Carlo Bohländer, Horst Lippmann na Emil Mangelsdorff. Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, waliwakamata Lippmann na Mangelsdorff. Emil alipelekwa kupigana upande wa mashariki, akatekwa na Wasovieti, na hakurudi nyumbani hadi 1949. Mdogo wake Albert, aliyezaliwa 1928, alikuwa amekwisha kuambukizwa mapenzi ya jazi na kaka huyo.

Katika miaka hiyo hiyo, nchi ile ile ilikuwa ikitengeneza chombo ambacho baadaye kingeutunza muziki iliyoukataza. Mwaka 1928 Fritz Pfleumer wa Dresden alipata hataza ya utepe wa karatasi uliopakwa unga wa chuma. Kampuni ya AEG ikaunda mashine, kiwanda cha kemikali cha Ludwigshafen kikatengeneza utepe, na mwaka 1935 mashine hiyo, Magnetophon, ikaonyeshwa Berlin. Mwanzoni ilitoa mvumo uliokera. Mwaka 1940 mhandisi wa redio Walter Weber aligundua kwamba ukipitisha mkondo wa umeme wa masafa ya juu pamoja na sauti wakati wa kurekodi, mvumo hupungua na muziki hutoka safi.

Mhandisi wa jeshi la Marekani, Jack Mullin, aliyekuwa Uingereza wakati wa vita, alishangaa kusikia redio ya Ujerumani ikirusha okestra nzima usiku wa manane bila mikwaruzo ya santuri, kana kwamba wapigaji hawalali. Mwaka 1945 aliyapata majibu katika studio ya redio iliyohamishiwa Bad Nauheim, karibu na Frankfurt. Akasafirisha mashine mbili kwao vipande vipande, na mwaka 1946 akazionyesha San Francisco. Kutoka hapo kanda ikasambaa duniani. Ni teknolojia hiyo ambayo miaka mingi baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam iliitumia kurekodi bendi za dansi.

Kwa mwanamuziki wa jazi, mabadiliko yalikuwa makubwa. Upande mmoja wa santuri ya zamani ulichukua dakika kama 3. Mpiga saksafoni akianza kukolea, santuri imekwisha. Kanda ya mita 1,000 ikienda kwa mwendo wa sentimita 77 kwa sekunde ilichukua dakika 21. Mwendo ulipopunguzwa kwa nusu katika miaka ya 1950, ilifika zaidi ya dakika 40. Sasa mtu aliweza kulisema wazo lake mpaka mwisho, na wenzake wakamjibu.

1945–1947: Milango inafunguliwa

Tarehe 13 Mei 1945, siku 5 baada ya Ujerumani kusalimu amri, redio ya Berlin ilirudi hewani chini ya Wasovieti. Kati ya mambo ya kwanza iliyoyaunda ni okestra ya dansi, Radio Berlin Tanzorchester, iliyoongozwa kwanza na Michael Jary na kisha Horst Kudritzki. Ilipiga swingi kama ya bendi kubwa za Marekani, katika jengo lile lile la Masurenallee ambalo miaka michache nyuma lilirusha hotuba za Wanazi.

Kusini, Wamarekani walileta redio ya askari wao, AFN. Kituo cha Munich kilianza Julai 1945, na Frankfurt nayo ikapata chake. Vilikusudiwa kumfariji askari aliye mbali na kwao, lakini mawimbi hayaulizi pasi. Vijana wa Kijerumani walikaa usiku wameinamia redio, penseli mkononi, wakijaribu kunasa noti kabla wimbo haujapita. Muziki ambao baba zao walikatazwa kuusikia ukawa shule yao.

Shule ya pili ilikuwa vilabu vya askari. Jeshi lilihitaji bendi kila jioni, na mwanamuziki alilipwa kwa chakula na sigara, vitu vilivyokuwa na thamani kuliko noti za fedha. Pale kijana wa Kijerumani alikaa jukwaani mkabala na askari Mmarekani Mweusi aliyeujua muziki huu tangu utotoni, akajifunza kwa kumwangalia vidole. Jeshi hilo lililokuja kuwafundisha Wajerumani usawa lilikuwa bado limewatenga askari wake Weusi katika vikosi vyao peke yao. Amri ya Rais Truman ya kukomesha utengano huo ilitoka Julai 1948. Walimu wa kwanza wa jazi ya Ujerumani mpya walikuwa watu ambao nchi yao wenyewe ilikuwa haijawapa haki zao zote.

Usiku mwingi wa namna hiyo haukurekodiwa. Vilabu havikuwa na mashine, na wanamuziki hawakuwa na fedha. Hata V-Disc, santuri zilizotengenezwa mahususi kwa askari wa Marekani tangu 1943, ziliharibiwa kwa wingi mara mpango wake ulipofungwa mwaka 1949, kwa mujibu wa makubaliano yaliyokataza zisiuzwe. Huo ndio ukubwa wa pengo lililokuwepo. Ilihitajika taasisi yenye mashine, kanda, mshahara wa fundi na sababu ya kurekodi.

1947–1950: Santuri za Berlin

Kwa muda mfupi ilionekana taasisi hiyo ingekuwa Berlin Mashariki. Mwimbaji na mwigizaji Ernst Busch, ambaye Wanazi walimtia gerezani, alipewa na Wasovieti kibali cha kuanzisha kampuni ya santuri, na mwaka 1947 ikazaliwa lebo yake ya muziki mwepesi, Amiga. Amiga ilirekodi swingi ya Berlin kwa moyo mkunjufu: bendi ya Walter Dobschinsky, Okestra ya Redio na vikundi vidogo vya wapenzi wa jazi.

Miongoni mwa wanamuziki wa Berlin wa siku hizo alikuwa mpiga gitaa Coco Schumann. Alizaliwa 1924 na mama Myahudi, akapiga katika bendi ya wafungwa kule Theresienstadt, akapitia Auschwitz, akatoka hai. Mwaka 1945 alirudi Berlin na kushika gitaa tena, akipiga katika kikundi cha mpiga fidla Helmut Zacharias. Ukizisikiliza rekodi za kikundi hicho utasikia wepesi na furaha. Kwa mtu aliyetoka alikotoka, ile furaha ni ushahidi wa aina yake.

Julai 1948 alifika Berlin Rex Stewart, aliyepiga koneti miaka mingi katika okestra ya Duke Ellington. Wiki chache kabla, tarehe 24 Juni, Wasovieti walikuwa wamezifunga njia zote za nchi kavu za kwenda Berlin Magharibi, na ndege zilikuwa zikipita usiku na mchana kushusha makaa na unga. Katikati ya mzingiro huo, Stewart aliingia studio na vijana wa klabu ya jazi ya Berlin wakarekodi kwa ajili ya Amiga, lebo iliyokuwa chini ya himaya ya Wasovieti. Mmarekani Mweusi, vijana wa Kijerumani na kibali cha Kirusi, vyote kwenye santuri moja, wakati serikali zao zikiwa ukingoni mwa vita nyingine.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1949 zikazaliwa Ujerumani mbili. Upande wa mashariki wakuu wa chama walianza kuitazama jazi kama silaha ya Marekani, na milango ya studio ikaanza kufungwa. Mkosoaji Reginald Rudorf, aliyeitetea kwa bidii, alifungwa jela mwaka 1957. Uzito wa historia ya kurekodi ukahamia magharibi.

1946–1953: Mtu mmoja katika mji mdogo

Baden-Baden ni mji wa chemchemi za maji moto, pembeni mwa Msitu Mweusi. Haukubomolewa sana na vita, hivyo Wafaransa, waliokuwa miongoni mwa washindi walioigawana Ujerumani, wakaufanya makao makuu ya eneo lao. Huko wakaanzisha redio, Südwestfunk, iliyoanza kurusha matangazo tarehe 31 Machi 1946. Kiwanda cha kanda cha Ludwigshafen nacho kilikuwa ndani ya eneo hilo hilo la Wafaransa.

Kati ya vijana waliojiunga na redio hiyo tangu maandalizi yake alikuwa Joachim-Ernst Berendt, aliyezaliwa Berlin mwaka 1922. Baba yake, mchungaji wa kanisa lililokataa kumtii Hitler, alikufa katika kambi ya Dachau mwaka 1942. Kwa Berendt jazi haikuwa burudani tu. Aliiona kama muziki ambao mtu hawezi kuupiga akiwa anatii amri: kila mpigaji ana zamu yake ya kusema, na wengine wana wajibu wa kusikiliza. Alitaka Wajerumani waisikie kwa sababu aliamini wanaihitaji.

Berendt aliongoza idara ya jazi ya redio hiyo hadi 1987. Ulikuwa uamuzi usio wa kawaida kwa redio ya umma kuipa jazi dawati, bajeti na saa za studio kama inavyowapa wapigaji wa Beethoven. Kwa hiyo vikundi vya Kijerumani viliitwa studio, na Wamarekani waliokuwa wakipita Ulaya wakaombwa wasimame kidogo wapige. Mwaka 1953 Berendt alitoa Das Jazzbuch, kitabu kilichotafsiriwa katika lugha nyingi na kuwafundisha watu wengi namna ya kusikiliza. Lakini matokeo makubwa kuliko yote, ingawa hayakuonekana wakati ule, yalikuwa yale maboksi rafuni.

Stuttgart nayo ilifuata njia yake. Redio ya huko, Süddeutscher Rundfunk, ilimpa Erwin Lehn okestra mwaka 1951, naye alikuwa amekwisha kukomaa katika okestra ya redio ya Berlin. Mtangazaji Dieter Zimmerle aliirusha jazi hewani na kuhariri jarida la jazi. Miji miwili, redio mbili, na baadaye hifadhi zake zingekuja kukutana chini ya paa moja.

1952–1955: Frankfurt na Jutta Hipp

Wapigaji wenyewe walikuwa wakikusanyika Frankfurt. Mwaka 1952 Carlo Bohländer, yule kijana wa enzi za kujificha, alifungua klabu katika pango la chini ya nyumba katika barabara ya Kleine Bockenheimer. Baada ya kumaliza kazi katika vilabu vya askari, wanamuziki walishuka ngazi kwenda kupiga walichotaka wao. Mwaka uliofuata Horst Lippmann alianzisha tamasha la jazi la Ujerumani jijini humo, tamasha ambalo lingalipo mpaka leo.

Katika pango hilo alipiga piano mwanamke aliyezaliwa Leipzig mwaka 1925, Jutta Hipp. Alisomea uchoraji, akavuka kwenda magharibi mwaka 1946, na alipiga kwa namna iliyoonyesha kwamba alimsikiliza sana mpiga piano Lennie Tristano wa New York: sentensi ndefu za noti, zenye utulivu, zisizopiga kelele kuomba kusikilizwa. Mwaka 1953 alikuwa katika kikundi cha mpiga saksafoni wa Vienna, Hans Koller, pamoja na Albert Mangelsdorff, ambaye wakati huo alikuwa na miaka michache tu tangu ashike tromboni. Kisha akaunda kikundi chake, na Emil Mangelsdorff, aliyerudi kutoka utekwani, akawa mmoja wa wapigaji wake.

Mwaka 1954 mwandishi Leonard Feather alimsikia Ujerumani. Rekodi ya kikundi chake, iliyofanywa Frankfurt tarehe 24 Aprili, ikatolewa New York na lebo ya Blue Note. Na wenye Blue Note ni nani? Alfred Lion, yule kijana aliyemsikiliza Sam Wooding mwaka 1925, na rafiki yake Francis Wolff: Wayahudi wawili wa Berlin waliolazimika kuikimbia Ujerumani. Sauti kutoka nchi iliyowafukuza ilivuka bahari, nao wakaipokea na kuichapa.

Novemba 1955 Hipp alihamia New York. Alipiga katika klabu ya Hickory House, akarekodi tena kwa Blue Note mwaka 1956, kisha polepole akaliacha jukwaa. Alifanya kazi ya kushona katika kiwanda cha nguo kwa takriban miaka 35. Wengi waliopenda muziki wake hawakujua aliko.

1954–1958: Jazi yaandikishwa kazini

Katikati ya miaka ya 1950, nyumbani Ujerumani, jazi ilikuwa ikipata heshima rasmi. Kurt Edelhagen, aliyejijengea jina katika vilabu vya Wamarekani, aliongoza okestra ya redio ya Baden-Baden kuanzia 1952. Oktoba 1954, katika tamasha la muziki mpya la Donaueschingen, okestra yake ilikaa jukwaani bega kwa bega na okestra ya kiklasiki chini ya Hans Rosbaud, wakapiga utunzi wa Rolf Liebermann ulioandikwa kwa ajili ya makundi yote mawili. Mwaka 1957 Edelhagen alihamia redio ya Köln. Mwaka 1958 redio ya Hessen jijini Frankfurt iliunda kikundi chake cha kudumu cha jazi, kikiongozwa na Albert Mangelsdorff, na redio ya Hamburg nayo ilianzisha warsha zake za jazi mwaka huo huo.

Hapa ndipo historia ilipogeuka. Mwanamuziki aliyekuwa akilipwa kwa sigara sasa alikuwa na mahali pa kurekodi majaribio yake, hata yasiyo na soko. Mangelsdorff alitumia nafasi hiyo kuacha kuiga Wamarekani na kutafuta sauti yake; santuri yake Tension!, ya mwaka 1963, ilikuwa tunda la miaka hiyo ya studio za redio.

1983–2013: Rafu zinafunguliwa

Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kanda ilikuwa ghali, na uzuri wake wa kufutika na kurekodiwa upya ndio pia hatari yake. Utepe wa zamani wa asetati hukauka na kukatika. Kilichoziokoa kanda za jazi ni daftari: kadi yenye majina ya wapigaji, mji na tarehe, iliyomwambia mtu wa baadaye kwamba kitu hiki si cha kufuta.

Mwaka 1983 jiji la Darmstadt lilinunua mkusanyiko binafsi wa Berendt, na juu ya msingi huo ikafunguliwa Jazzinstitut mwaka 1990. Mwaka 1998 redio za Baden-Baden na Stuttgart ziliunganishwa kuwa SWR, na hifadhi zao zikawa mali ya nyumba moja. Kanda zikasafishwa, zikapigwa tena na kuhamishiwa kwenye kompyuta, na lebo ya Jazzhaus ikaanza kuzitoa hadharani.

Mwaka 2013 ikatoka moja kati ya hizo: rekodi za redio za Jutta Hipp, kuanzia 1952 hadi 1955. Miaka yote aliyoketi mbele ya cherehani kule New York, piano yake ilikuwa imelala rafuni Ujerumani, jina na tarehe vikiwa vimeandikwa kwenye boksi. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2003. Leo mtu akibonyeza kitufe, kijana wa miaka 27 anaanza sentensi yake ndefu na tulivu, na hakuna anayemkatiza.